Mguu wa Mtani

Tukishuka kutoka Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani katika Milima ya Uluguru, rafiki yangu Mzaramo aliteleza kwenye udongo mwekundu akakaa chini kwa kishindo. Kabla hata hajaushika mguu, aliniangalia. Alijua Mnyamwezi hatanyamaza.

"Pole, mtani. Babu zangu walipita njia ndefu na pembe za ndovu mabegani, wewe kibegi cha maandazi kimekushinda!"

"Hao babu zako walikuwa wanafika kwetu hoi, tunawapa maji. Leo nalipwa. Nibebe."

Utani wetu huu umetokana na misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kukatiza Uzaramo. Naupenda kwa moyo wote. Mtani anaweza kuingia kaburini msibani kwenu akakataa kutoka mpaka alipwe, na hakuna wa kumkasirikia. Sembuse kifundo cha mguu?

Dada yetu muuguzi hakutaka hadithi. Alivua mtandio, akauchovya kijitoni, akamfunga kuanzia katikati ya unyayo, akaupitisha na kuurudisha juu ya kifundo kwa umbo la nane. Kisha akabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akasubiri wekundu urudi.

"Damu inapita. Usiuchue leo, na ukifika nyumbani uuegeshe juu ya mto."

"Nyumbani kesho kuna fundi wa bati. Nani atamsimamia?"

"Kaa uani kwenye kiti umpigie kelele. Kwani siku zote huwa unapanda paani wewe?"

Mwingine, aliyechubuka kiganja kwa kukamata kichaka, akaona nafasi yake. "Basi mimi viazi simenyi leo. Muuguzi, niandikie cheti."

"Umechubuka wa kushoto. Kisu shika kwa kulia."

Tuliteremka polepole, mtani kaniegemea begani. Wanawake wa Kiluguru waliojitwika karoti walitupita kwenye mteremko uleule, wakitupa pole bila kupunguza mwendo.

"Tazama," akaninong'oneza, "hao ndio watu wa mlima. Wewe ni dereva wangu tu."

Pale stendi ya Msamvu nilimtafutia siti ya nyuma anyooshe mguu.

"Jumamosi kikao cha harusi kiko palepale," nikamkumbusha. "Na mchango unatumwa kwa simu, hauhitaji miguu."

"Nitakuja. Wewe andaa nauli ya bajaji, kwenda na kurudi."