Karudishwa chumba cha upasuaji

Watu wakisikia mgonjwa aliyepandikizwa ini karudishwa chumba cha upasuaji usiku uleule, huanza kulia. Subirini kwanza, jamani.

Ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu. Sasa fikiria: mgonjwa anaingia na ini bovu, damu haigandi vizuri, halafu unamkata mishipa mikubwa kabisa. Ini jipya nalo lina muda wake wa kuanza kazi.

Machi 1963, kule Denver, Marekani, Dk. Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikizia binadamu ini. Mtoto wa miaka 3 alivuja damu hadi akafa mezani. Baadhi ya waliofuata wakapewa dawa za kugandisha. Damu ikaganda kweli, mabonge yakaenda mapafuni, nao wakafa! Mtoto wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka alipasuliwa 1967.

Kurudishwa ni hatari, sikatai, ila ni sehemu ya tiba. Madaktari wanaangalia presha na mirija inayotoa majimaji tumboni. Ikijaa damu, wanafungua, wanatoa mabonge, wanaziba panapovuja. Wakati mwingine hawakuti hata mshipa mmoja unaovuja. Wanasafisha, wanafunga.