Mbwa Niliyemwacha Mtoni

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi mjukuu huyo nimekwisha kumwona. Alinijia darasani, katikati ya kipindi cha historia.

Mwalimu alikuwa akitufunza jinsi binadamu wa kale alivyoanza kufuga wanyama. Akauliza ni mnyama gani aliyefugwa kwanza. Sote tukapaaza sauti, "Ng'ombe!" Mwalimu akatikisa kichwa. "Ni mbwa," akasema. Darasa zima likaangua kicheko. Ati mbwa, huyu tunayemfukuza jikoni kwa mwiko?

Kumbe ndivyo. Ng'ombe alianza kufugwa yapata miaka 10,000 iliyopita, binadamu alipokuwa amekwisha kuanza kilimo. Mbwa alikuwa naye maelfu ya miaka kabla ya hapo, watu walipokuwa wakiwinda na kuhamahama. Asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, wala si wale wenye madoadoa wa mbuga zetu, ambao ni wa ukoo mwingine. Wataalamu wengi hudhani kwamba mbwa mwitu wasio waoga sana walisogelea kambi za wawindaji wakitafuta mabaki, wakazoeana na watu, na watoto wao wakazidi kuwa wapole kizazi baada ya kizazi. Mwaka wa 1959, huko Urusi, mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuzalisha mbweha akichagua wale wapole tu. Baada ya vizazi vichache, baadhi yao walitikisa mikia na kuramba mikono ya watu kama mbwa.

Hayo niliyaandika daftarini bila wasiwasi. Kisha mwalimu akatusimulia habari za Oberkassel, katika mji wa Bonn, Ujerumani. Mwaka wa 1914 wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mbwa. Wataalamu walichunguza meno yake, na mwaka wa 2018 wakaeleza kwamba aliugua vibaya akiwa na umri wa miezi mitano hivi, akafa akiwa na miezi saba. Mbwa mgonjwa hivyo hakufaa kwa uwindaji. Ili aishi majuma yale yote, ilikuwa lazima mtu ampashe joto, amsafishe na kumnywesha maji.

Hapo kalamu ilinitoka mkononi.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza tulikuwa na mbwa mchanga, Simba. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naye alikuwa akinisindikiza hadi barabarani. Msimu wa mvua akaugua. Makamasi yalimtoka, macho yakajaa tongo, miguu ikawa inatetemeka. Baba akaniambia, "Huyo hatapona. Mtoe hapa."

Sikubisha. Sikuomba hata siku moja zaidi. Nilimtia guniani, nikampeleka mtoni na kumwacha chini ya mti. Nilipogeuka kwenda zangu alijaribu kunifuata, akaanguka. Hata hapo alikuwa akitikisa mkia.

Baba simlaumu, maana pesa za daktari wa mifugo hazikuwapo. Lakini maji yalikuwapo, na gunia lile lingeweza kuwa tandiko lake. Watu wa Oberkassel hawakuwa na daktari, wala shamba, wala ng'ombe wa maziwa.

Wenzangu, sisemi mlale na mbwa kitandani. Nasema tu kwamba huyo aliyelala nje ya mlango wako alikuja kwetu kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe. Ukimkuta mgonjwa jioni ya leo, mpe maji kwanza.

Mimi bado hutoka nyumbani saa kumi na moja, lakini siku hizi hupita njia ya mbali, ile isiyopita mtoni.