Uhuru na Kipuli

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi walioguswa nao walivua vipuli na shanga kwa furaha, kama mfungwa afunguliwaye pingu. Huo ulikuwa uhuru. Lakini hiari ya mama yaweza kugeuka amri kwa binti, na amri ni pingu nyingine. Binti aingiaye kanisani na kipuli alichoachiwa na bibi yake hutazamwa masikio kabla ya kuulizwa hali ya moyo.

Petro, katika waraka wake wa kwanza, alitaja pamoja kusuka nywele, dhahabu na mavazi, akautukuza utu wa moyoni. Kama neno lile ni katazo, je, nguo nazo zimekatazwa? Sivyo, alipima lililo zito na lililo jepesi. Paulo naye aliwafundisha Wakorintho kwamba chakula hakimsogezi mtu kwa Mungu. Hata hivyo, alikuwa radhi kuacha nyama asimkwaze ndugu.

Basi avaaye amkumbuke jirani asiye na shuka. Naye asiyevaa asijivike kiburi, maana kiburi ni pambo lisilovuliwa kwa mkono.