Boma: Neno Lililohama Pamoja na Kuta Zake

Yapo maneno yanayofanana na majengo ya kale: kuta husalia, wakaaji wakabadilika. Neno "boma" ni mojawapo.

Kwetu Sale, wilayani Ngorongoro, boma kwanza ni ua. Vijiji vya kale vya Wasonjo vilizungushiwa uzio mnene wa miti na miiba, wenye malango ya mbao. Majirani zao Wamasai nao huzungushia miiba nyumba na mifugo. Mwiba humtazama adui. Aliye ndani hulindwa.

Wajerumani walipojenga ngome yao Arusha mwaka 1900, nayo iliitwa boma, lakini maana ilipinduka. Aliye ndani alikuwa askari. Mwenye nchi akawa wa nje. Baadaye ngome za namna hiyo zikawa ofisi: bunduki zikatoka, majalada yakaingia, na "kwenda bomani" kukawa kwenda kulipa kodi, kujibu mashtaka, au kusubiri. Boma la Arusha limekuwa makumbusho tangu mwaka 1987, ila neno halikustaafu. Wazee wengi hata leo huiita ofisi ya mkuu wa wilaya "bomani".

Majumba ya kifalme nayo yalipita njia hiyo. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya hafla zake, ilifanywa ofisi za serikali ya Waingereza mwaka 1911, na baadaye makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo la kale hudai matunzo, mwenyewe awe sultani au karani. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiubandika saruji, unaufungia unyevu ndani.

Siku hizi boma lina maana nyingine tena: jengo lililoinuliwa na wananchi hadi usawa wa lenta, likingoja kuezekwa. Maana hiyo naipenda kuliko zote, kwa kuwa inakiri kwamba kazi haijakwisha.

Kwa kipimo hicho, kila ngome iliyogeuzwa ofisi ningali naiita boma. Iwekeeni vioo, viyoyozi na intaneti. Hifadhini mawe yake na milango yake, maana ni historia yetu. Lakini mzee aliyetoka Sale kufuatilia shauri la ardhi akiachwa juani, kisha akapewa fomu isiyosomeka kwa Kiswahili chepesi, ngome ingali ngome. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Nami naongeza: ofisi njema si rangi. Tutasema boma limeezekwa siku mwananchi atakapoketi ndani yake pasipo hofu, akaulizwa shida yake, akajibiwa.