Umeme wa Matone ya Maji

Mtu akiambiwa ya kuwa maji yadondokayo yaweza kutoa cheche pasipo betri wala mtambo, huenda asisadiki. Lakini ni kweli. Mwaka 1867 William Thomson, profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alieleza chombo cha namna hiyo.

Wanafunzi wangu walitaka kukitengeneza kwa maonyesho ya shule. Juu huwekwa ndoo ya maji yenye vitundu viwili. Chini ya kila kitundu pete ya bati. Na chini ya kila pete kopo. Waya hutoka kopo la kuume kwenda pete ya kushoto, na waya wa pili hutoka kopo la kushoto kwenda pete ya kuume. Kopo moja likiwa na umeme kidogo tu, pete yake huvuta umeme wa namna ya pili katika maji yaipitayo. Matone huuchukua mpaka kopo la chini, na hivyo kila upande huuongezea mwenzake. Nguvu yenyewe yatoka katika uzito wa maji.

Basi wakamimina maji, kimya. Siku tatu hatukuona kitu. Mwanafunzi mmoja akanena, "Mwalimu, tufiche betri chini ya meza, wageni hawatajua." Nikamjibu, "Mwanangu, sisi tutajua. Tumtafute mwizi wa umeme wetu."

Tukapatana kubadili jambo moja tu kila mara. Kwanza makopo yalikaa juu ya ubao uliolowa, na ubao wa namna hiyo hupitisha umeme ukapotea. Tukayaweka juu ya bakuli kavu za plastiki. Kisha tukaona maji yashuka kama uzi mmoja mpaka kopo, na umeme hurudi juu kwa uzi huo. Tukapunguza matundu, tukaweka pete mahali uzi ukatikapo kuwa matone. Matone yakaanza kutawanyika, mengine yakalikwepa kopo. Hiyo ni dalili njema, maana vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana. Mwisho tukaona ncha za waya zilizochongoka; penye ncha kali umeme huvujia hewani. Tukazikunja, tukapangusa kila kitu, tukangoja alasiri kavu. Tulipokaribisha waya mbili za makopo, ikaruka cheche nyembamba, ndefu kama unene wa sarafu, ikalia ta! Yule wa betri ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Siku ya maonyesho mvua ilinyesha tangu alfajiri, unyevu ukashika kila chombo, cheche ikakataa. Wanafunzi hawakuona haya. Wakawaeleza wazee umeme unapopotelea, wakawaonyesha bakuli, pete na ncha zilizokunjwa, wakajibu maswali yote.

Kwa hiyo, walimu wenzangu nanyi wazazi, kazi ya mtoto ikikwama msimfanyie haraka, wala msimfunze kuficha. Mfundisheni kuuliza jambo moja baada ya jingine. Betri iliyofichwa ingaliwasha taa siku moja. Lakini mtoto ajuaye sababu ya chombo kunyamaza ataweza kukitengeneza tena jua likiwaka.