Safari ya Ipililo na Haki ya Anayefuata Nyuma

Ipililo ni kata ya wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi ya Maswa ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Wenyeji wake ni Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe, nao huijua ardhi yao kwa majina. Ile ya kichanga huiita luseni, na udongo mweusi wa bondeni huuita mbuga. Msafiri wa nchi hii yampasa ayajue majina hayo mawili, kwani luseni hunywa maji upesi, lakini mbuga ikilowa hushika mguu, hushika kwato, na hushika gurudumu.

Katika majira ya mvua nilikwenda huko kumtazama ndugu mgonjwa, nami nikapanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alikuwa mpole na mwangalifu. Tulipofika mahali ng'ombe wanapovuka njia, alisimama kuwapisha. Nyuma yetu alikuja mzee mmoja kwa baiskeli, amepakia gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Mzigo ulikuwa mzito na breki zilikuwa dhaifu, akatugonga. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini madigadi ya nyuma, lile bati lifunikalo gurudumu, ilipinda ikaligusa tairi, na taa yake ikabaki inaning'inia kwa waya.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Ing'oeni muitupe, pikipiki hutembea bila hiyo." Kijana naye alitaka kuendelea na safari, kwa sababu chombo si chake: kila jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, na saa ipitayo bila abiria ni hasara juu yake. Akaishika madigadi kwa mikono, akaivuta mpaka ikaachana na tairi. Kwa macho ilikuwa imepona.

Tukaenda polepole mpaka kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti. Tukamwamkia, "Mwadila," naye akaitika. Akaitazama pikipiki, kisha akamwambia kijana, "Umeipima ikiwa tupu. Mpandishe Ustadhi."

Tukapanda sote wawili. Springi zikabonyea, gurudumu likapanda juu, na bati likaligusa tairi tena. Hapo ndipo ilipojificha hatari. Nafasi ionekanayo pikipiki ikiwa imesimama tupu siyo nafasi iliyopo njiani, chombo kikiwa na watu wawili na mashimo chini yake. Tairi likikwaruzwa hivyo kwa mwendo hulika mpaka nyuzi. Na likipasuka, abiria huanguka pamoja na dereva.

Fundi akaondoa kwanza waya za taa, kisha akafungua bolti na kuzitia katika kifuniko cha kopo zisipotee. Akalizungusha gurudumu kutazama kama rimu imepinda, ilikuwa salama. Bati akaliweka juu ya gogo, akaligonga kutoka ndani kwa nyundo ya ubao, akianzia pembeni mwa mbonyeo na kuingia katikati kidogo kidogo, kwa maana pigo moja la nguvu huvuta bati likapoteza umbo lake. Karibu na tundu la bolti palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akatoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee, ndipo akapachomelea. Kazi hiyo aliifanya bati likiwa mbali na pikipiki, kwani cheche na tangi la petroli havikai pamoja. Akalisugua kwa tupa na msasa, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, hata upande wa ndani usioonekana na mteja.

Alipolirudisha, alitupandisha tena, akahakikisha kwamba vidole vyake viwili vyapita kati ya bati na tairi. Nikamwuliza sababu ya kuacha nafasi pana hivyo. Akaonyesha bondeni, akasema, "Mbuga." Udongo ule ukijaa katika nafasi nyembamba huligandamiza gurudumu lisizunguke.

Ikabaki gharama. Yule mzee alikuwa ametufuata akiikokota baiskeli yake, ingawa angeweza kugeuka akaenda zake. Akasema, "Mwanangu, niliyekuja nyuma ni mimi. Niambie ni kiasi gani." Fedha yake haikutosha, akataka kuongeza michembe. Kijana akapokea nusu ya gharama, akasema, "Babu, hicho ni chakula cha nyumba yako." Kisha akampigia simu mwenye pikipiki, akamweleza mambo yote kama yalivyokuwa. Akaambiwa alete kesho hesabu za siku mbili. Kijana akaitikia, akawasha pikipiki.

Ndugu msomaji, madigadi ya nyuma haimfai dereva peke yake. Yamkinga abiria, na yamkinga anayefuata asirushiwe matope na mawe. Nayo ndiyo ibebayo taa ya kumwonya usiku na namba ya kukitambulisha chombo. Huko Italia, kiwanda cha Piaggio kilipotoa skuta ya Vespa mwaka 1946, mhandisi wake Corradino D'Ascanio aliifunika mashine na magurudumu kwa bati, kwa kuwa hakupenda jinsi pikipiki zilivyomchafua mpandaji. Na sisi tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka, basi je, yafaa sisi wenyewe tuwe udhia huo kwa anayekuja nyuma yetu?

Kwa hiyo vijana wetu wenye vyombo, mkigongwa hata kidogo, msiridhike na kuvuta bati kwa mikono. Pimeni mkiwa na abiria juu, tazameni waya na taa, tafuteni ufa kwenye matundu ya bolti, na mkumbuke udongo wa njia mtakayopita. Na wazazi, mwana akirudi jioni na hesabu pungufu kwa sababu alisimama kutengeneza chombo, msimkemee kabla ya kumsikiliza.