Simbilisi hasemi "naumwa"

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, wasomaji wangu mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Lushoto, likizo. Mnaoijua njia ile mnaelewa: Mombo unapita na joto lako la Dar, gari linaanza kupanda kona za Soni, ukifika juu unatafuta koti. Julai huku Usambara si mchezo.

Leo siandiki siasa. Naandika habari za simbilisi. Chekeni tu, lakini someni hadi mwisho.

Mpwa wangu ana miaka tisa. Alinunuliwa simbilisi wawili, wa wiki tano hivi, akawaita Doa na Kahawa. Mchana walikaa jikoni kwenye boksi, usiku wakalala banda moja na sungura wa bibi yake. Jumamosi jioni akanifuata.

"Mjomba, Doa leo hakupiga kelele nilipoleta majani."

Nikamjibu kwa elimu yangu yote ya chuo kikuu: "Ni baridi tu." Nikarudi kwenye gazeti langu.

Jumapili asubuhi Doa alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, macho yana tongotongo. Karoti ya jana ipo vilevile. Nilipomsogeza sikioni nikasikia pumzi zinakwaruza. Kwenye begi nilikuwa na vidonge vya amoksilini vilivyobaki nilipougua kifua. Nikafungua kimoja nimkorogee kidogo kwenye maji. Bahati nikampigia kwanza bwana mifugo.

"Usithubutu!" alisema.

Akanieleza kwamba dawa za jamii ya penisilini, hasa za kumeza, huua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi, vile vibaya vikatawala. Mnyama anauawa na dawa kabla ya ugonjwa. Akaja mchana na dawa inayofaa, lakini tulikuwa tumechelewa. Doa alikufa kabla ya magharibi. Mpwa wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Bwana mifugo hakuondoka haraka. Alikaa jikoni, akatufundisha. Simbilisi ni mnyama wa kuliwa na wengine, kwa hiyo amezaliwa kuficha udhaifu. Ukimwona anaumwa waziwazi, ujue ameanza muda. Dalili za mwanzo ni ndogo: halii ukileta chakula, anajitenga, kinyesi kinapungua au kinakuwa laini, pua inalowa. Kidevu kikilowa mate, tazama meno, maana meno yake hayaachi kukua. Akikaa siku nzima bila kula, hiyo ni dharura, usisubiri kesho. Na sungura asilale naye, kwani anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila mwenyewe kuugua.

Halafu akataja kiseyeye. Nilidhani ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani! Kumbe mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kutengeneza vitamini C. Akikosa majani mabichi anachechemea, viungo vinavimba, hataki kushikwa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakapata kiseyeye, na hapo ndipo njia ya kuijua vitamini hiyo ilipofunguka. Kwetu Lushoto, penye kabichi na pilipili hoho kila kona, simbilisi kupata kiseyeye ni aibu ya mwenye nyumba. Ila majani ya viazi mviringo asipewe, yana sumu.

Kahawa akahamishiwa boksi lake, nyasi kavu tele, mbali na moshi na upepo. Mpwa wangu akaazima mzani wa jikoni wa bibi, akawa anampima kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la hesabu. Jumatatu gramu 340. Jumanne 342. Jumatano 331.

"Mjomba, amepungua."

Nikamtazama Kahawa. Anatafuna, anatembea, macho makavu. Mimi sikuona kitu. Lakini safari hii sikusema neno baridi. Nilipiga simu palepale. Bwana mifugo akamsikiliza kifua, akakuta kimeanza, akampa dawa siku hiyohiyo. Siku tano baadaye alikuwa anapiga kelele hadi bibi akalalamika.

Jamani, kazi yangu ni kuuliza mashahidi. Nawafuata mawaziri na wakubwa wa polisi na kijitabu mkononi. Siku ile shahidi pekee aliyeona alikuja mwenyewe, akasimama mbele yangu, akasema alichokiona. Sikumuuliza hata swali moja.

Jana amenipigia simu hapa Dar. Hata salamu hakumaliza.

"Shikamoo mjomba, 395!"

Nimeiandika kwenye kijitabu changu.